Mwili Uliolala na Akili Iliyo Macho

Yamkini wewe msomaji umepata kuota usiku mmoja, na katikati ya ndoto ukajiambia kimoyomoyo, "Loo, kumbe hii ni ndoto tu!" Labda ulikuwa ukifukuzwa na ng'ombe mkali, au ulikuwa umesimama mbele ya darasa bila ya shati, na mara ukatambua kuwa hapana ng'ombe wala darasa, ila umelala kitandani kwenu. Watu wengi huamka mara tu watambuapo jambo hilo. Lakini wako wachache wasioamka. Hao huendelea kuota huku wakijua kuwa waota, hata wakaweza kuchagua pa kwenda na la kutenda ndani ya ndoto ile, kama mtu atembeaye katika shamba lake mwenyewe. Ndoto ya namna hii nitaiita ndoto ya fahamu. Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na sehemu kubwa ya historia hiyo yahusu mambo mawili ambayo kila mtu anayo wala hayanunuliwi dukani: pumzi, na utulivu wa mwili.

Nilianza kulishughulikia jambo hili kwa sababu isiyokuwa ya kitaalamu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulilala wanafunzi wanane katika bweni moja. Mwenzetu mmoja alisoma mahali kuwa mtu akilala chali, mikono kandoni, asijikune wala asijigeuze, akahesabu pumzi zake moja moja, basi mwili utalala na akili itabaki macho, naye ataingia ndotoni kama mtu apitaye mlangoni kwa miguu yake. Akajaribu. Siku za kwanza hakupata kitu ila mwasho wa pua, na baadaye usingizi wa kawaida, tena wa kukoroma. Alfajiri moja alituamsha kwa ukelele. Alisema alikuwa ameamka, akaliona dirisha na vyandarua vyetu, lakini hakuweza kuinua hata kidole. Na juu ya kifua chake palikuwa na kitu kizito kilichomnyima pumzi. Mmoja wetu akasema ni jinamizi. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakanong'onezana kuwa kijana huyu ana jambo lake na wachawi, na aliyelala jirani naye akakivuta kitanda chake hata upande wa pili wa chumba. Mwenzetu alikaa muhula mzima akiwa na haya. Mimi sikukihamisha kitanda changu, lakini wala sikuwa na neno la kumwambia. Niandikayo hapa ndiyo niliyojifunza tangu siku zile.

Habari ya kale iliyo wazi sana yatoka katika bara letu la Afrika. Karibu na mwaka wa 415, Augustino, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alimwandikia rafiki yake Evodius barua, na ndani yake akasimulia ndoto ya tabibu mmoja wa Karthago aliyeitwa Gennadius. Tabibu huyu alikuwa na mashaka kama mtu aweza kuwa hai baada ya mwili wake kufa. Usiku mmoja akaota kijana amemjia, akamwuliza mwili wake uko wapi wakati ule. Gennadius akajibu kuwa uko kitandani. Kijana akamwuliza kama ajua kuwa macho ya mwili ule yamefumbwa wala hayaoni kitu. Akakiri kuwa ajua. Basi, akauliza kijana, waniona kwa macho gani? Tabibu hakuwa na jibu. Augustino aliitumia habari hiyo kuthibitisha imani yake juu ya roho, na hilo silo shauri la insha hii. Mimi navutwa na jambo dogo zaidi. Mtu wa Karthago, yapata miaka 1600 iliyopita, alikuwa ndani ya ndoto, na papo hapo alijua kuwa mwili wake umelala kimya mahali pengine. Aristotle, yule Mgiriki aliyekufa mwaka wa 322 kabla ya Kristo, naye alikuwa amekwisha kuandika kuwa mara nyingi ndani ya mtu aliyelala huwamo kitu kimwambiacho kuwa ayaonayo ni ndoto tu.

Lakini Gennadius alijiliwa, yeye hakutafuta. Waliotafuta kwa bidii ni watawa wa dini ya Budha katika nchi ya Tibeti. Mafundisho yao juu ya ndoto hutajwa pamoja na jina la Naropa, mwalimu wa Kihindi wa karne ya 11, ambaye mafundisho yake yalipelekwa Tibeti na mwanafunzi wake Marpa. Mtawa alifundishwa kulalia ubavu wa kulia, kwa mlalo ulioitwa mlalo wa simba, kuituliza pumzi yake, na kuyakusanya mawazo yake kooni hata usingizi umchukue. Shabaha yao haikuwa mchezo. Walitaka mtu akiisha kujua kuwa mambo ya ndotoni hayana mizizi, ayatazame na mambo ya mchana kwa jicho lile lile. (Watoto wa Kiislamu wa pwani yetu nao hufundishwa kulalia ubavu wa kulia, ingawa kwa sababu nyingine.)

Katika nchi za Waarabu nako watu walitaka ndoto zije kwa mwito. Ibn Khaldun, mwandishi mkubwa wa historia, mzaliwa wa Tunis, ataja katika Muqaddima yake, aliyoimaliza mwaka wa 1377, maneno fulani ambayo watu waliyatamka wakati wa kusinzia ili wapate kuota walitakalo. Asema yeye mwenyewe aliyajaribu, akaota mambo ya ajabu. Angaliweza kuishia hapo na kujisifu. Badala yake aongeza kuwa kule kuota si ushahidi kuwa maneno ndiyo yaliyoileta ndoto. Maneno huitayarisha nafsi tu, na aliyejitayarisha kwa kitu si lazima akipate. Naomba msomaji alikumbuke neno hilo la kujitayarisha, maana tutalirudia baada ya kuvuka karne sita.

Huko Ulaya mambo yalichukua njia nyingine, nayo ni njia ya daftari. Mfaransa mmoja wa jamaa ya kikabaila, Léon d'Hervey de Saint-Denys, aliyezaliwa mwaka wa 1822, alianza kuziandika na kuzichora ndoto zake akiwa kijana wa miaka 13. Aliendelea miaka mingi, na katika mwaka wa 1867 akatoa kitabu juu ya ndoto na njia za kuziongoza, bila ya kutia jina lake juu ya jalada. Baadaye alikuwa mwalimu wa lugha ya Kichina katika Collège de France mjini Paris, na yamkini aliona ndoto si jambo la kumpa mwanachuo heshima. Kitabu kikaadimika upesi, hata Sigmund Freud, ambaye kitabu chake mashuhuri juu ya ndoto kilitoka mwishoni mwa mwaka wa 1899, alikiri kuwa hakuweza kukipata.

Nalipenda zaidi jaribio lake la manukato. Alipokuwa akienda kukaa kwa rafiki zake katika milima ya Vivarais, alinunua manukato ambayo hakupata kuyatumia, akawa akiyanusa kila siku alipokuwa kule. Aliporudi nyumbani aliifunga chupa. Miezi kadhaa ilipopita alimpa mtumishi wake, akamwambia adondoshe matone machache juu ya mto wake usiku wowote apendao, bila ya kumwarifu. Siku zikapita, na usiku mmoja Hervey akaota yuko Vivarais, kati ya milima yake na miti yake. Asubuhi alijulishwa kuwa usiku ule ndio mto wake ulipotiwa manukato. Angalia lililotendeka. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, mikono yake imelegea, hakuna aliyemgusa wala kumsemesha. Lakini pumzi ilikuwa ikiingia na kutoka, na harufu iliyochukuliwa na pumzi ilifika mpaka ndotoni. Mlango mmoja wa nyumba ulikuwa wazi, ingawa Hervey hakuutazama kwa namna hiyo.

Aliyefuata ni Frederik van Eeden, Mholanzi, tabibu wa magonjwa ya akili na mwandishi wa riwaya. Katika mwaka wa 1913 alisoma mbele ya chama kimoja cha wachunguzi mjini London makala juu ya ndoto zake mwenyewe. Alikuwa ameandika ndoto 500, na kati ya hizo 352 zilikuwa za namna ile ya kujua kuwa aota. Yeye ndiye aliyezipa jina ambalo lugha za Ulaya hulitumia hata leo. Usiku mmoja wa Januari katika mwaka wa 1898 aliota amelala kifudifudi bustanini, nje ya dirisha la chumba chake cha kusomea, akiyaona macho ya mbwa wake yakimtazama kupitia kioo. Wakati huo huo alijua kwa yakini kuwa amelala chali kitandani. Hapo akafanya jambo la mtaalamu wa kweli: aliazimu kuamka polepole, kwa uangalifu, ili aone jinsi kulala kifudifudi kutakavyogeuka kuwa kulala chali. Asema badiliko lile lilikuwa la ajabu sana, kama kuuvua mwili mmoja na kuuvaa mwingine. Akaamini kuwa mwotaji ana mwili wa ndoto, ulio huru, wakati ule wa nyama umetulia.

Kwa mwili wa pili sina hakika naye. Lakini van Eeden aliandika jambo jingine ambalo wakati ule lilionekana kama nukta ndogo: ndoto zake za fahamu zilimjia kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa mbili asubuhi. Yeye hakuweza kueleza kwa nini.

Maelezo yalianza kupatikana Chicago, kwa bahati. Mwishoni mwa mwaka wa 1951 mwanafunzi wa chuo kikuu cha mji huo, Eugene Aserinsky, alimfunga mwanawe wa miaka minane nyaya za mashine kuukuu ya kupima nguvu za umeme wa ubongo na mwendo wa macho, kisha akamwacha alale. Baada ya muda kalamu za mashine zikaanza kupigapiga juu ya karatasi kana kwamba mtoto ameamka na anatazama huku na huku. Aserinsky alidhani mashine imeharibika. Alipokwenda kumtazama mtoto alimkuta amelala fofofo, na macho yake yakikimbia chini ya kope. Katika mwaka wa 1953 yeye na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walitangaza habari hiyo. Wakati wa mwendo ule wa macho pumzi na mapigo ya moyo huenda kwa kasi zaidi, na watu walioamshwa wakati huo mara nyingi walikuwa na ndoto ya kusimulia. Uchunguzi uliofuata, alioufanya Kleitman pamoja na William Dement, ulionyesha kuwa usingizi huo hurudi kama kila baada ya dakika 90, nao hurefuka kadiri usiku unavyokwisha. Mwanzoni mwa usiku ni wa dakika chache tu. Karibu na mapambazuko huwa mrefu sana. Saa za van Eeden zikapata maana.

Bado lilibaki swali moja. Kama ubongo wa mwotaji una shughuli nyingi hivi, na kama ndotoni akimbia, apigana na kuogelea, kwa nini mwili wake haurushi miguu? Jibu lilitolewa na Michel Jouvet, Mfaransa wa mji wa Lyon, aliyewachunguza paka. Katika mwaka wa 1959 alieleza usingizi aliouita wa kinyume, maana ubongo wa paka ulionyesha dalili za kuwa macho, na papo hapo misuli ya shingo yake ilikuwa imezimika kabisa, haina hata chembe ya nguvu. Chini ya ubongo, mahali unapoungana na uti wa mgongo, pana sehemu itoayo amri ya kuifunga misuli. Jouvet alipoiharibu sehemu hiyo katika paka kadhaa, wanyama hao waliinuka wakiwa usingizini, wakanyemelea mawindo yasiyokuwapo na kupigana na adui asiyeonekana, wala hawakumjali mtu aliyesimama mbele yao. Katika mwaka wa 1986 matabibu wa Minnesota, Marekani, walieleza habari za watu, wengi wao wanaume wazee, ambao kufuli hili limelegea: hurusha ngumi na kuruka kitandani wakiwa katikati ya ndoto, hata wakajiumiza wao au wake zao.

Hapa ndipo fikira ya zamani inapopinduka. Watu wa karne nyingi walidhani kuwa mwotaji ajaye lazima autulize mwili wake kwa bidii, asitikisike, ndipo ndoto imfungulie. Kumbe utulivu wenyewe hauna haja ya bidii. Kila usiku, mara nne au tano, mwili wa kila mmoja wetu, wa mfalme na wa mchunga mbuzi, hufungwa kuliko awezavyo mtawa yeyote kuufunga kwa nia yake. Misuli miwili tu ya maana huachwa huru. Ya kwanza ni ile izungushayo macho. Ya pili ni kiwambo, yaani ule ukuta wa msuli ulio kati ya kifua na tumbo, ambao ukishuka hewa huingia na ukipanda hewa hutoka. Nao ukifungwa, ndiyo mauti.

Sasa twaweza kumrudia mwenzangu wa bwenini. Mara nyingine akili huamka kabla ya kufuli kufunguliwa. Mtu huona chumba chake, husikia jogoo, lakini mikono na miguu haimtii. Misuli ya mbavu nayo imelegea, na kazi yote ya kuvuta hewa yafanywa na kiwambo peke yake. Hewa anayo ya kutosha. Lakini akitaka kuvuta pumzi ndefu kwa hofu yake, kifua hakiinuki, naye huhisi kana kwamba amekaliwa. Hilo ndilo jinamizi. Huondoka lenyewe baada ya nukta chache au dakika chache. Huwajia zaidi watu walalao chali, na wale waliokatwa usingizi wao. Mwenzetu alikuwa akifanya yote mawili. Wala si watu wa Afrika Mashariki peke yao walijuao: Wajapani wana jina lao, kanashibari, na mchoraji Henry Fuseli alichora huko London, katika mwaka wa 1781, mwanamke aliyelala na zimwi dogo limechutama juu ya kifua chake. Kijana wetu hakuwa na shauri na wachawi. Aliamka dakika moja mapema.

Lakini kuwa na maelezo ya usingizi si sawa na kuwa na ushahidi wa ndoto ya fahamu. Wako wanachuo walioikanusha kabisa. Norman Malcolm, mwanafalsafa wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka wa 1959, alishika kuwa mtu aliyelala hawezi kuhukumu kuwa amelala. Akiweza kuhukumu, basi hajalala. Wataalamu wengi wa usingizi walisema watu hawa huamka kwa nukta chache bila ya kujua, kisha huita jambo hilo ndoto. Nawe utamjibuje mtu kama huyo? Shahidi ni mmoja, naye alikuwa amelala. Gennadius, Hervey na van Eeden wote walikuwa na neno lao tu, na neno la mtu juu ya jambo asiloweza mwingine kuliona halimshindi mwenye shaka.

Njia ilipatikana Hull, Uingereza. Mwanafunzi aliyeitwa Keith Hearne alifikiri hivi: ikiwa mwili wote wa mwotaji umefungwa isipokuwa macho, basi atume habari kwa macho. Alipatana na mtu mmoja, Alan Worsley, ambaye alizoea kuota ndoto za fahamu, kuwa ajuapo kuwa aota ayapeleke macho yake kushoto na kulia mara kadhaa kwa mpango. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 1975, mashine ikiwa yaonyesha kuwa Worsley yumo katika usingizi wa ndoto na misuli yake imezimika, kalamu ziliandika mistari mikubwa, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama ilivyopatanwa. Mtu alikuwa ametoa ishara kutoka ndani ya ndoto, na ishara hiyo ilikuwa juu ya karatasi.

Habari hiyo haikuenea. Marekani, katika chuo kikuu cha Stanford, Stephen LaBerge alifika mahali pale pale bila ya kujua kazi ya Hearne. Alikuwa na kumbukumbu moja ya kumsaidia: watafiti waliomtangulia waliwahi kuona macho ya mtu aliyelala yakienda kushoto na kulia kwa taratibu, na walipomwamsha akasema alikuwa akiota atazama mchezo wa mpira wa meza. LaBerge alijifundisha mwenyewe kuota kwa fahamu, akalala na nyaya, akatuma ishara. Hata aliwahi kukunja ngumi za ndotoni, ya kushoto kwa nukta na ya kulia kwa mstari, kama fundi wa simu za zamani, akaandika herufi za mwanzo za jina lake. Na nyaya zilizofungwa mikononi zikaonyesha mtikiso hafifu, ingawa ngumi zenyewe hazikukunjika. Makala aliyoiandika pamoja na wenzake ilikataliwa na majarida makubwa mawili kabla ya kuchapishwa mwaka wa 1981 katika jarida jingine.

Mwaka uliofuata LaBerge na Dement waliigeukia pumzi. Waotaji watatu walipatana nao kuwa, wakiisha kujua kuwa waota, watatoa ishara kwa macho, kisha ama watahema upesi upesi ndani ya ndoto, ama wataizuia pumzi, kisha watoe ishara ya kumaliza. Mara tisa walifanikiwa. Karatasi za mashine akapewa mtu asiyejua ni lipi lililofanywa katika kila jaribio, akaambiwa akisie kwa kuitazama mistari ya pumzi. Hakukosa hata moja kati ya zote tisa. Mwotaji alipohema ndotoni, mwili uliolala ulihema. Alipoizuia pumzi ndotoni, kiwambo kitandani kilisimama. Katika viungo vingine amri ya mwotaji hukomea kwenye uti wa mgongo, lakini katika pumzi mwili wa ndoto na mwili wa nyama huvuta hewa moja. Nadhani van Eeden angalifurahi kuisikia habari hiyo, ingawa ingaliuharibu ule mwili wake wa pili.

Je, wale wahesabuo pumzi na kulala kama gogo wamekosea? Si kabisa. Kuhema polepole kwa kipimo huupunguza mwendo wa moyo na kuyapa mawazo mahali pa kukaa, na hii ni matayarisho mema ya usingizi wowote. Kosa lao ni la saa. Ajaribuye saa tatu usiku, baada ya chakula, ashindana na usingizi mzito usio na ndoto nyingi, na mshindi ajulikana. Wanaofaulu huamka kabla ya alfajiri, wakiwa wamekwisha kulala saa tano au sita, hukaa macho kwa muda, kisha hujilaza tena, kwa kuwa usingizi wa ndoto sasa u karibu, na mwili hauna haja ya kupita kwanza katika ule mzito. Hata hivyo wengi hukosa. Ibn Khaldun alikwisha kutuonya: aliyejitayarisha si lazima apate. Na mwanafunzi wa bweni, anayelala kwa kengele na kuamka kwa kengele, sioni sababu ya kumshauri auvunje usingizi wake katikati. Usingizi huo ndio umsaidiao kuyahifadhi masomo ya mchana.

Katika mwaka wa 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walitoa makala ya pamoja. Safari hii hawakungoja habari zitoke tu, waliuliza maswali. Watu 36 walishiriki. Mtu akiisha kutoa ishara kuwa yumo ndotoni kwa fahamu, aliulizwa jambo dogo kwa sauti ya chini au kwa mwanga. Mmoja aliulizwa nane ukitoa sita ni ngapi, na macho yake chini ya kope yakaenda kushoto na kulia mara mbili. Katika majaribio 158 yaliyofanywa wakati wa ndoto za fahamu, majibu sahihi yalikuwa 29. Mara nyingi zaidi hapakuwa na jibu lolote. Baadhi ya waotaji walisimulia kuwa swali liliwafikia kama sauti itokayo katika redio ya ndotoni.

Mwenzangu wa bwenini ni mwalimu sasa, wa hisabati. Nilipokutana naye likizoni nilimweleza habari za paka wa Lyon na za kiwambo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: ikiwa ni misuli tu, mbona asubuhi ile aliona mtu amesimama mlangoni, jambo ambalo hakutuambia wakati ule? Nikamwambia kuwa ubongo wake ulikuwa bado waota huku macho yakiwa wazi, na ndoto ikajichora juu ya mlango wa kweli. Akanyamaza kidogo. Halafu akataka kujua kama yule aliyekihamisha kitanda amekwisha kuelezwa.